Notisi kwa Jini la Chumba cha Kona

Umoja, Nairobi
11 Novemba 2024

Shangazi yangu Zaituni,

Amani na rehema ziwe juu yako na juu ya kila anayekula kwenye sinia lako huko Mumias. Sisi huku tu wazima. Nilikuwa na kikohozi cha vumbi, ila vumbi lenyewe limegeuka matope, kwa hiyo nacho kinaaga. Simiyu wa basi amenifikishia ndizi zako. Amesema salamu ulizomtwika zilikuwa nzito kuliko mkungu. Ningekupigia simu, lakini masikio yako na simu hayapatani tena, na nikikutumia ujumbe wajukuu wako wanausoma kwa sauti mpaka jirani wa tatu anatoa maoni. Tuandikiane tu.

Sasa lililo moyoni. Kile chumba cha Tassia nilichokuwa nasomeshea madrasa, mwenyewe amekitaka. Anaweka kinyozi. Tangu wiki jana watoto nawasomesha hapa Umoja nyumbani kwako, kwenye veranda, na mvua ya mwaka huu haina haya hata kidogo. Juzi imelowesha juzuu ya mwanafunzi wangu Nafiso. Mama yake alikuja akaniangalia bila kusema neno, na mama yule akinyamaza ni heri afoke. Wazazi wameniambia wazi kwamba nisipopata chumba kabla ya Ramadhani, watoto watapelekwa kwingine. Shangazi, madrasa hii niliianza na watoto wawili na mkeka mmoja wa kuazima. Ikifa nitaumia vibaya.

Na hapa nyuma, mbele ya pua yangu, kuna kile chumba kikubwa cha kona. Kimefungwa kufuli tangu ulipomaliza eda ya marehemu mumeo, Mzee Habibu, ukarudi nyumbani Mumias. Naomba ufunguo.

Clare, mpangaji wako wa chumba cha pili, ananitisha. Jana alikuwa anaanika nguo akaniambia, "Tichee, achana na hiyo room. Iko na kitu. Kila Ijumaa nasikia msee anaimba huko ndani. Na si ngoma zenu, ni za kanisa. Tena kwa Kijaluo!"

Nilicheka. Halafu nikaacha kucheka, kwa sababu hata mimi nikitoka swala ya Ijumaa nimewahi kunusa ubani ukipenya chini ya ule mlango. Wewe ndiye uliyenifundisha alifu na be, nijibu kama mwalimu. Kuna majini ya Kikristo? Na kama yapo, kuna ya Kijaluo?

Wako,
Kawsar

Mumias
20 Novemba 2024

Kawsar mwanangu,

Na juu yako pia amani, ukue uzidi. Tu salama. Mbuzi amezaa mapacha, mmoja ana madoa mpaka kwenye masikio. Goti langu linatabiri mvua kuliko redio. Kikohozi hicho chemshia tangawizi, na yale maji ya moto yakibaki usiyamwage kwenye mfereji wa choo bila kusema Bismillahi. Hujui nani amekaa huko chini na familia yake.

Umeuliza kama mwanafunzi, nakujibu kama mwalimu. Majini yapo, na anayebisha hajaisoma Kurani vizuri. Yameumbwa kwa moto, yanakula, yanaoana, yanazaa, yanakufa, na yanatuona pale tusipoyaona. Yana dini zao kama sisi: yamo yaliyoamini, yamo ya dini nyingine, yamo yasiyojali lolote. Kwa hiyo likiwapo moja la kuimba nyimbo za kanisa, si ajabu, wala si jambo la kuendeleza na Clare pale kwenye kamba ya nguo. Kuhusu Kijaluo, maulamaa hawakutaja.

Tena ujue yanapenda mahali palipoachwa. Nyumba ikikaa bila mtu na bila jina la Mungu kutajwa ndani, yanahamia. Ndiyo maana nilipoondoka nilihakikisha kwamba chumba kile...

Hilo tuliache.

Ufunguo wa mbele ninao na sitautuma. Wa nyuma, wa ule mlango unaotazama kichochoro, ulipotea. Chumba kile kina mwenyewe. Shemeji zangu walipotaka kukipangisha niliwaambia maneno hayo hayo, na sijawaona Umoja tangu siku hiyo. Waombe wazee wa msikiti wakupe nafasi.

Nisisahau. Mzee Oketch, yule jirani wa ng'ambo ya kichochoro aliyefanya kazi reli pamoja na marehemu, mgongo wake umepona? Nauliza tu.

Shangazi yako

Umoja
28 Novemba 2024

Shangazi mpendwa,

Salamu nyingi, na hongera kwa mapacha wa mbuzi. Mwenye madoa msimwuze, nataka kumwona. Tangawizi imefanya kazi na mfereji nimeusalimu ipasavyo.

Msikitini nimekwenda. Wazee wamenipokea vizuri, wakanipa chai, wakanieleza kwa upole mkubwa kwamba hakuna nafasi. Wakati nakunywa chai yao mvua ilianza tena, na niliporudi nikakuta watoto wamejibana chini ya meza yako ya kulia wanasoma Suratul Fil kwa zamu. Wawili hawakuja kabisa.

Basi nimekaa nikawaza, nikakukumbuka wewe. Nilikuwa mdogo, nimekuja Mumias likizo, nyoka akaonekana nyuma ya mtungi wa maji. Wanaume wakaja na marungu. Ukawazuia kwa mkono mmoja, ukasimama mlangoni na kanga yako ya njano, ukamwambia yule nyoka: "Mwenyeji wetu, kama wewe ni jini mwenye kumwamini Mungu, tunakupa siku tatu utoke kwa amani. Ukibaki baada ya hapo, wewe ni nyoka tu." Ukatueleza kwamba ndivyo Mtume alivyofundisha kuhusu nyoka wa nyumbani. Na nyoka akaenda! Nimeisimulia hadithi hiyo katika kila darasa nililosimama mbele yake.

Nimepiga moyo konde. Ijumaa ya tarehe sita, baada ya swala, nitasimama mbele ya chumba cha kona na kutoa notisi ya siku tatu, kwa adabu yote uliyonifunza. Kama unaona nimekosea, nijibu mapema.

Mgongo wa Mzee Oketch siujui. Simwoni sana. Ijumaa iliyopita nilimwona kwa mbali kichochoroni, amevaa koti na tai na viatu vimeng'arishwa. Labda alikuwa anakwenda harusini.

Kawsar

Mumias
1 Desemba 2024

Kawsar,

Salamu utazipata barua ijayo. USITHUBUTU.

Hukumu ile ni ya nyoka. Nyoka anayeonekana, mwenye mkia. Kitu usichokiona hukipi notisi, utajuaje kimesikia? Na kikisikia je? Kuna wengine ni wastaarabu kupita kiasi, na ukiwaambia waondoke wataondoka kweli, hawatakuuliza sababu, na hawatarudi hata ukiwabembeleza. Nawajua watu wa namna hiyo. Nimesema watu? Majini.

Barua hii nimempa Simiyu mkononi, nimemwapisha aifikishe kabla ya Ijumaa. Acha chumba. Nitafikiria jambo jingine kuhusu madrasa, nipe muda.

Shangazi yako anayekupenda na ambaye leo presha yake iko juu

Umoja
17 Desemba 2024

Shangazi,

Amani iwe kwako. Nilingoja jibu lako halikuja, nikachukua kimya chako kuwa ridhaa.

Notisi nimetoa. Ijumaa nilitoka msikitini, nikavaa kanga ya njano kwa heshima yako, nikasimama mlangoni. Clare alikuja nyuma yangu kunipa nguvu, Biblia mkono mmoja na mwiko mkono wa pili. Ubani ulikuwa unanukia. Ndani mlikuwa na sauti nzito ya kiume inaimba polepole, na nakiri miguu ilikuwa inataka kwenda bila mimi. Nikasema kwa sauti kubwa: "Mwenyeji wetu uliye humu ndani, kama wewe ni mwenye kumwamini Mungu, tunakuomba kwa ahadi zake utuachie chumba. Tuna watoto, wananyeshewa. Tunakupa siku tatu utoke kwa amani."

Wimbo ukakatika katikati ya ubeti. Kisha jini likakohoa, kile kikohozi cha mtu mzima aliyeambiwa jambo la aibu mbele ya watu. Clare akaangusha mwiko. "Imeskia!" akasema. "Woi, tichee, imeskia!"

Siku ya tatu nilizunguka kwa upande wa kichochoro. Kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma palikuwa na ufunguo, umefungwa ndani ya kitambaa cha mkono kilichopigwa pasi. Ule uliopotea, Shangazi. Jini limerudisha ufunguo kama mpangaji muungwana.

Nikafungua, na hapo nilipigwa na butwaa kuliko kama ningekuta pembe na moto. Hakuna vumbi. Sakafu imepigwa deki. Cherehani yako ina mafuta mapya na imefunikwa shuka. Msala wako umekunjwa kwa uangalifu mkubwa na mtu asiyejua unakunjwa vipi. Chetezo kiko juu ya kigae, majivu yamezolewa. Karibu na dirisha kuna kiti kimoja, kimetazama kiti kingine kitupu.

Na dirishani, Shangazi, kuna miwani ya kusomea. Mkono mmoja umefungwa kwa waya. Jini lako halioni vizuri maandishi ya karibu.

Watoto wamehamia. Ni pakavu, ni pana, wanasoma mpaka sauti zinagonga mabati. Mama Nafiso ametabasamu, mashahidi ninao. Nilipaswa kuwa na furaha tele. Lakini Ijumaa iliyopita haikuwa na ubani wala wimbo, na Clare mwenyewe alikuja kuniuliza, "Kwani imeenda kabisa? Ilikuwa na sauti poa, walai."

Mimi nimeandika yote niliyoyaona. Wewe una lolote la kuongeza?

Kawsar

Mumias
27 Desemba 2024

Kawsar,

Wa alaykum salaam. Huku ni baridi ya asubuhi tu. Mbuzi wa madoa amekula ukingo wa mkeka wangu wa jikoni.

Nafurahi watoto wamepata pakavu. Sina la kuongeza.

Miwani irudishe kwenye kitambaa kile kile, iweke juu ya kabati isikanyagwe. Bila ile haoni hata mchuzi kwenye sahani yake. Nasema hivi kwa kukisia, kwa jinsi ulivyoeleza ule waya.

Viti usivisogeze.

Nenda kamwangalie Mzee Oketch. Mpelekee chapati, zile laini, meno yake ya upande wa kulia hayafai. Usimwambie nimekutuma. Ni ujirani tu.

Z.

Umoja
9 Januari 2025

Shangazi yangu kipenzi na mjanja,

Salamu kwako na kwa mbuzi. Kwanza, barua yako ya USITHUBUTU imefika jana. Simiyu ameikuta chini ya gunia la viazi vitamu, na ameniomba nikuambie kwamba alipata ajali. Haikutokea ajali yoyote.

Pili, nimekwenda kwa Mzee Oketch. Nilikuta mapazia yamefungwa mchana kweupe. Ana mjukuu wake, Maurine, anayekuja kumpikia, akaninong'oneza mlangoni, "Babu hatoki siku hizi. Hata Ijumaa havai tai." Akaniacha naye.

Nilimpa chapati, nikampa na miwani. Akaivaa, akanitazama, na masikio yakawa mekundu, ukiamini kwamba mzee mweusi tititi anaweza kuwa mwekundu. Nikamwambia, "Mzee, nisamehe. Nilidhani ni jini."

"Lakini ulisema mwenye kumwamini Mungu," akajibu. "Mimi naamini Mungu. Nikajua ni mimi nimeambiwa."

Akanieleza polepole, na kila sentensi akiomba radhi kana kwamba amekosa yeye. "Mama Zaituni akiondoka aliniambia, Oketch, nyumba ikikaa tupu inaingiwa. Akanipa ufunguo. Kila Ijumaa nifungue dirisha, nichome ubani, nitie cherehani mafuta. Alinifundisha nitangulize mguu wa kulia na niseme Bismillahi. Nikasema. Halafu nikaongezea wimbo wangu wa kanisa, nisiache upande wowote wazi."

Unaona tulichokifanya? Mtu aliyekuwa anazuia majini yasiingie ndiye tuliyemfukuza kama jini. Nilicheka mpaka nikalia, naye akacheka kidogo, kisha akatazama viatu vyake. "Unajua, mwalimu," akasema, "nikistaafu reli nilikosa mahali pa kwenda. Ijumaa ndio ilikuwa siku yangu ya kwenda mahali. Nakaa pale, naambia kile kiti kingine habari ya wiki, narudi nyumbani."

Moyo wangu umevunjika vipande, Shangazi. Nimemwomba arudi. Nikamwambia Ijumaa hatusomi, chumba ni chake, ufunguo huu hapa. Akakataa kwa upole ule ule unaochosha kuliko ugomvi. "Nimepewa notisi kwa jina la Mungu. Hiyo haifutwi na mpangaji. Inafutwa na mwenye nyumba." Nimebembeleza, nimempelekea chapati mara ya pili, Clare naye amekwenda na mandazi. Chapati anakula. Ufunguo hashiki.

Mimi nimepata nilichotaka na kinanikaa kooni. Nikifundisha watoto, macho yangu yanakwenda kwenye vile viti viwili ambavyo, kama ulivyoamuru, sijavisogeza. Watoto wanavizunguka. Sitakuuliza unachokataa kusema. Nakuuliza tu, mwenye nyumba, utafanya nini?

Kawsar wako

Mumias
22 Januari 2025

Mwanangu Kawsar,

Na juu yako amani, na juu ya kila aliye upande wa pili wa kichochoro.

Barua yako nimeisoma nyuma ya zizi, kwa sababu ndani ya nyumba hii mtu hawezi kulia bila kuulizwa. Mbuzi wa madoa alikuwapo, lakini yeye hasemi.

Sikusema uongo kuhusu majini na nakukataza kumwambia Clare kwamba nilisema. Yapo. Nilisema nyumba tupu inaingiwa, na inaingiwa. Shemeji zangu walipokimbia walikimbia kwa miguu yao wenyewe. Mimi niliondoka Umoja kwa sababu ya midomo ya watu. Mwanamke akimaliza eda, jirani akamletea mkate, pale pale wamekwisha kuwafungisha ndoa, ingawa huyu ni wa msikiti na yule ni wa kanisa. Oketch anaujua mpaka wake na mimi naujua wangu, hatujawahi kuuvuka wala hatutauvuka. Lakini marehemu alipokuwa mgonjwa, ni Oketch aliyekaa naye kila Ijumaa, akimsomea gazeti kwa ile miwani ya waya, nami nikishona pembeni. Chumba kile ndicho tulichokaa watatu. Nilimwachia ufunguo kwa sababu sikutaka kife. Oketch namkumbuka sana, Kawsar. Nimelisema, haya, sasa limesemwa.

Alhamisi ijayo ninapanda basi. Magoti yamepinga, nimeyapuuza. Madrasa ibaki hapo hapo, chumba chenye watoto wanaosoma hakiingiwi na lolote, na mimi ni mjinga kwa kutoliona hilo tangu mwanzo. Ijumaa msisome. Notisi nitaifuta mwenyewe mlangoni, kwa sauti, na Clare asikie, na anayetaka kuzungumza azungumze, umri huu si wa kuogopa wanaoanika nguo. Tafuta kiti cha tatu, nikalie mimi. Kile kitupu ni cha marehemu, kisikaliwe na mtu.

Usije kunipokea stendi. Una watoto wa kufundisha. Ndani ya bahasha hii mna bahasha nyingine, nimeifunga kwa gundi. Mpelekee anayehusika, akavae tai.

Na usiiinue kwenye taa ukajaribu kuisoma. Majini yapo, Kawsar, na yanakuona.

Shangazi yako Zaituni